Saksafoni Uliyoikata Sauti

Baba,

Shikamoo. Hiyo ni ya mama, maana ndiye aliyenifundisha kwamba mzazi huamkiwa hata kama umeingia kwake kugombana. Ukishaitikia marahaba yako kaa vizuri kwenye kiti, kwa sababu nimekuja kugombana.

Najua barua huanza kwa kusema sisi huku hatujambo, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. Sisi huku Shinyanga hatujambo kweli. Hofu na mashaka juu yako tuliyamaliza mwaka ule ulipoondoka, hakuna yaliyobaki ya kukutumia.

Barua yenyewe nimeiandika wazi. Anayekuletea ni Juma wa tromboni, ambaye anakuja huko Chato kumwona dada yake, na nimemkabidhi bila bahasha. Akitaka kuisoma njiani aisome. Abiria wa kiti cha pembeni akitaka kurefusha shingo, arefushe. Mambo yako na mimi yamekuwa ya kimya miaka yote, na kimya hicho kilikufaa wewe peke yako. Safari hii nataka tusikike.

Kilichonifanya nishike kalamu ni Kabula.

Tulipokutana Ushirombo kwenye msiba wa bibi, wewe ulikaa upande wa wanaume, mimi nikawa jikoni na wenzangu. Nilikuja kukuamkia kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Ukaniuliza, "Bado unapuliza?" Nikakujibu kwamba bado napuliza. Ukatabasamu lile tabasamu lako la upande mmoja, ukasema, "Kabula naye ameanza. Tena yeye ana utulivu, hasumbui mtu." Nilidhani nimesikia vibaya, nikarudi kwenye masufuria.

Jioni huyo mwanao Kabula akaja mwenyewe akakaa karibu yangu. Ana miaka tisa. Hesabu ya umri wake mama aliifanya siku ya kwanza alipomwona, akanyamaza, na mimi nanyamaza kwa heshima yake, si yako. Mtoto hana kosa. Ana meno ya mbele yenye mwanya kama wa bibi, na anauliza maswali mfululizo bila kungoja jibu. Alichukua mwiko uliokuwa umeoshwa, akauweka mbele ya kifua, akapanga vidole. Nilivitambua vile vidole kabla hajasema neno. Ulivipanga wewe, kama ulivyonipangia mimi.

"Dada Minza, mimi najua nyimbo sita," akasema.

"Utanipigia moja?"

"Siwezi, saksafoni yangu iko nyumbani. Halafu kusikia mpaka uvae ile ya masikioni. Baba ndiye anayevaa."

"Na mama yako?"

"Mama anasikia tak tak tak ya vidole tu. Anasema nikome, namuumiza kichwa." Akacheka. Kisha akaniangalia kwa makini, kama anayetaka kuhakikisha jambo alilosimuliwa. "Eti wewe ukipiga, watu wote wanasikia pamoja?"

"Wote."

"Hata wasiotaka?"

"Hata wasiotaka."

Alicheka mpaka akaziba mdomo kwa mkono, maana tulikuwa msibani. Mimi sikucheka. Niliuliza kama ile saksafoni ni ya rangi ya kijivu, ya plastiki, yenye mfuniko wa betri uliofungwa kwa raba nyeusi. Akasema ndiyo, raba imeshakatika, sasa wanafunga kwa uzi. Baba, nilitoka nje nikaenda kusimama nyuma ya zizi mpaka hasira ikapungua kidogo. Haikupungua sana, ndiyo maana unasoma haya.

Sasa tukumbushane, kwa sababu wewe ni hodari wa kusahau. Mwaka wa tisini nilikuwa darasa la sita. Wewe ulikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na Jumamosi ulikuwa kiongozi wa matarumbeta. Bendi ilikuwa inafanyia mazoezi uani kwetu: tarumbeta lako, tromboni ya Juma, besi, dramu mbili, na saksafoni ya Dotto. Watoto wengine walipenda dramu. Mimi nilimpenda Dotto, au tuseme nilikipenda kile alichoning'iniza shingoni. Kwenye bendi yako utaratibu ulikuwa mmoja, uliotoka nao kwa mapadre wa Ushirombo ulikojifunzia: bibi harusi hatoki mlangoni mpaka saksafoni imwite. Dotto alikuwa anasogea mbele peke yake, anapiga mstari wa kwanza, wenzake wote kimya. Mlango unafunguliwa. Ndipo tarumbeta na dramu zinaingia, na akina mama wanapiga vigelegele. Harusi zote za mtaani kwetu zilianza hivyo, na mimi niliona kwamba hakuna kazi duniani inayoizidi ile.

Nikakuomba. Ukasema mtoto wa kike hapulizi shaba, atavimba mashavu. Nikakuomba tena. Ukasema shaba haichezewi. Nikachukua mpira wa maji nikauchomeka kwenye shingo ya chupa, nikapuliza uani asubuhi na jioni mpaka Mama Shija, jirani yetu, akaja kuuliza kama kuna ng'ombe anazaa. Ulinichapa siku ile. Kesho yake nikapuliza tena. Sikuwa mtoto rahisi, nalikubali hilo bila aibu yoyote.

Ndipo ukaja na boksi. Baba Amina, yule Mhindi mwenye duka la redio karibu na stesheni, alikuwa amelipata kwenye mzigo wake wa Dubai. Ulikuwa umemtengenezea jenereta, naye akakutolea lile boksi akisema, "Fundi, hii si redio wala si filimbi, inakaa tu na vumbi. Labda wewe utaijua." Ulilifungua mezani mbele yetu. Ilikuwa saksafoni ndogo ya kijivu, ya kutumia betri, na pale kwenye mdomo mpana sauti inapotokea pamezibwa na spika. Kwenye boksi palikuwa na neno dijitali na wewe ukalitamka kwa majivuno, kama umelibuni mwenyewe. Ukanionyesha: ukipuliza polepole inalia polepole, ukipuliza kwa nguvu inalia kwa nguvu, vidole ni vilevile vya saksafoni ya kweli. Nilipuliza sauti tatu. Mama alitoka jikoni na unga mikononi, akasema, "Haya, baba wa watu, leo umefanya jambo."

Nililala nimeikumbatia. Naandika hili ujue kwamba nilikupenda siku ile kuliko siku nyingine zote, kabla au baada.

Kesho yake nilirudi kutoka shule nikakukuta umeifungua kwa bisibisi. Ukachukua koleo, ukakata waya wa spika. Ukasema, "Spika inakula betri. Tumia hedifoni, utasikia vizuri zaidi, na majirani watapumzika." Mtoto ataujua wapi ukweli wa betri? Nilikushukuru. Fundi wa mitambo anakata waya mbele yangu, na mimi nasema asante baba.

Miaka mitatu, baba. Nikitoka shule nafagia, nachota maji, kisha nakaa kwenye ngazi ya jikoni nimevaa hedifoni, napuliza. Betri zikichoka nazianika juani juu ya bati, zinapata uhai wa siku mbili nyingine. Kwenye masikio yangu kulikuwa na harusi nzima. Nje ya masikio yangu kulikuwa na tak tak tak na pumzi. Mama alikuwa anasema ni kama paka anayekoroma. Siku moja nilimvalisha hedifoni juu ya kilemba chake, akasikiliza ubeti mmoja, akaivua akanirudishia. Baadaye nilimsikia akiimba ule wimbo huku anapepeta mchele. Hakuwa na nafasi ya kukaa na kunisikiliza. Mwenye nafasi ulikuwa wewe.

Na ulinisikiliza. Hapo ndipo panaponiuma, na nitakueleza kwa nini. Ulikuwa unarudi kazini na nyuzi za pamba kwenye nywele, unakaa kwenye kigoda, unavaa hedifoni, unaniambia, "Haya, nipe." Ukivaa wewe, mimi sisikii kitu. Nilikuwa napuliza kama kiziwi, nasoma sauti yangu kwenye uso wako. Ukikunja paji, najua nimekosea. Mguu wako ukianza kupiga chini, najua nimepatia. Ukifumba macho, basi nimeshinda. "Vizuri," unasema. "Rudia." Nilikuwa na msikilizaji mmoja tu duniani, nikaona ananitosha. Niliujua uso wako kuliko nilivyoujua wimbo. Mpaka leo nikipiga mahali pagumu, ninajikuta natafuta paji la uso la mtu wa mbele, na hilo ni jambo ninalokuchukia kwalo.

Kila nilipouliza lini nitashika ile ya shaba, ulisema, "Ukiwa tayari." Nani angejua tayari inafananaje? Wewe.

Halafu ikaja ile harusi ya Geita. Yule mchimbaji aliyekuwa anaoa alikuwa ametoboa, kama wanavyosema wenyewe wa maduarani, huko mashimoni, amepata dhahabu na anataka harusi itakayosikika kata nzima ya Kalangalala. Bendi ikapanda pikapu, mama na mimi tukapanda nyuma pamoja na dramu kwa sababu bibi harusi alikuwa ndugu wa upande wa mama. Tulipofika, Dotto hakuwepo. Alikuwa ametangulia siku chache kwenda kuwasalimia ndugu zake machimboni, akaingia kwenye shimo kutafuta bahati yake, na harusi ikamtoka kichwani. Saksafoni ilikuwa kwenye pikapu, ipo ndani ya sanduku lake, haina mpigaji.

Juma ndiye aliyesema. "Kiongozi, si Minza anazijua zote? Mimi kila nikija kwako namwona anapuliza."

Besi akaunga mkono. Dramu akaunga mkono. Mama alikuangalia, mimi nilikuangalia. Ungeweza kukataa. Ungeweza kuichukua mwenyewe, maana saksafoni uliipiga kabla ya tarumbeta, na kila mtu pale alijua. Ukasema, "Haya. Mpeni."

Nilivalishwa mkanda shingoni. Nakumbuka uzito wake. Ile ya plastiki ilikuwa nyepesi kama sahani, hii ilinivuta mbele. Nikasogea mpaka mbele ya mlango peke yangu, kama Dotto. Ndani nilikuwa naona shela nyeupe ya bibi harusi, na mashangazi wawili wamemshika viwiko. Watu wakanyamaza. Vidole vyangu vikaenda mahali pake vyenyewe, sikuwa na hofu hata kidogo. Nikapuliza.

Hakikutoka kitu. Pumzi tu, shhh, kama ile ya ngazi ya jikoni. Nikabana midomo nikapuliza kwa nguvu, ikatoka sauti ya mbuzi aliyekanyagwa. Mtu mmoja akacheka. Nikajaribu tena, nikapata sauti mbili za mstari wa kwanza, ya tatu ikapasuka, na midomo ikaanza kutetemeka, ikafa ganzi, mate yakanichuruzika kidevuni. Vidole vilikuwa sahihi, baba! Kila kidole kilikuwa mahali pake. Vilikuwa vinaenda kwenye wimbo mzima huku shaba inalia mee, mee, na vijana wa Kalangalala wameshaanza kuitikia mee. Bibi harusi amesimama mlangoni hawezi kutoka, kwa sababu hajaitwa. Shangazi yake mmoja akasema kwa sauti, "Jamani, mtoeni huyo mtoto hapo, msije mkatutia mkosi." Mama alikuwa amejifunika uso kwa khanga.

Ukaja taratibu. Hukuharakisha. Ukanivua mkanda, ukatoa leso, ukafuta pale nilipoweka mdomo, ukafuta tena, mbele ya watu wote. Kisha ukapiga mstari wa kwanza, msafi kabisa, mlango ukafunguliwa, bibi harusi akatoka, vigelegele vikapigwa. Ulipiga vizuri kuliko Dotto. Nilikaa nyuma ya gurudumu la pikapu mpaka jioni, na hakuna chakula cha harusi kilichopita kooni kwangu.

Tulipokuwa tunarudi, mama amesinzia, ukaniuliza, "Sasa umeridhika?"

Nilikuambia sielewi, vidole nilivijua vyote.

"Vidole si kitu," ukasema. "Saksafoni ni mdomo. Mdomo unajengwa na ile ya kweli, kidogo kidogo, miezi na miezi. Kile kidude hakina kazi ya mdomo, kinataka pumzi ya mtoto tu. Kila mpulizaji anajua hilo."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu siku ile ya kwanza?"

Ukaangalia barabara. "Ulikuwa unasumbua, Minza. Nikakupa kitu cha kukutuliza."

Umewahi kumwona mtoto mchanga anapewa chuchu ya mpira isiyo na maziwa? Ananyonya mpaka analala, na nyumba nzima inasema afadhali. Hiyo ndiyo miaka yangu mitatu. Na wewe ulikuwa unakaa mbele yangu kwenye kigoda, umevaa hedifoni, unafumba macho, unaniambia vizuri, rudia. Ulijua, na bado ulisema rudia. Nimeligeuza jambo hili kila upande nikitafuta mahali pa kukuonea huruma. Labda ulikuwa unaogopa maneno ya watu. Labda ulifurahia kweli ulichokuwa unasikia, ukataka kibaki chako peke yako. Juma anaamini hivyo, anasema mzee wako hakutaka sikio lingine lisikie ila lake. Mimi nimeacha kutafuta. Kama ulifurahia ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ina maana ulisikia kwamba ninaweza, na siku ya Kalangalala ulinipeleka mlangoni ukijua midomo yangu itakufa. Ulitaka yaishe. Ulitaka mimi mwenyewe niombe yaishe.

Mwaka uliofuata uliondoka, ukasema unakwenda kufuata kazi kwenye dhahabu. Hatukuulizana maneno mengi. Ulichukua nguo zako, bisibisi zako, tarumbeta, na ile saksafoni ya kijivu. Mama alishangaa unaichukua ya nini. Mimi nilidhani unaenda kuiuza, nikasema moyoni afadhali iende. Kumbe kulikuwa na mtoto Chato aliyekuwa anasubiriwa akue.

Yaliyofuata huyajui, kwa hiyo nitakuambia, si kwa kukuomba mguu wako upige chini. Ile ya shaba ilibaki kwa Juma, kwa sababu ilikuwa mali ya bendi, na Dotto hakurudi. Juma alikuja nayo nyumbani akaiweka mezani, akasema, "Mdogo wangu, vidole unavyo. Twende tukatafute mdomo." Nikaanza upya kama mtoto wa siku ya kwanza. Nilipiga uani, bila kujificha, na ilikuwa mbaya. Nisikudanganye, ilikuwa mbaya sana. Mbwa walikuwa wanahama. Mama Shija alipaza sauti juu ya ukuta, "Minza, leo unamchinja nani?" Mwenye nyumba alikuja mara mbili kulalamika. Mara ya pili mama, yule mama ambaye wewe ulikuwa unamwita mpole, alitoka na mchi mkononi, akamwambia, "Mwanangu anajifunza. Anayeumwa masikio aweke pamba, mji huu pamba imejaa." Mwenye nyumba akacheka, akaondoka, hakurudi tena. Midomo yangu ilichanika ndani, nikawa nakula ugali na mchuzi uliopoa tu. Miezi ikapita. Siku moja Mama Shija akaita tena juu ya ukuta, nikajiandaa kwa matusi, akasema, "Ule wa jana urudie, nilikuwa sijamaliza kuosha vyombo."

Neno lilelile lako, baba. Rudia. Nilikaa chini nikalia, na Mama Shija akadhani amenikera.

Siku hizi mimi ndiye ninayewaita mabibi harusi. Si mpigaji mkubwa, sauti za juu bado zinanishinda siku za baridi, na kuna familia zinazouliza kama hakuna mwanaume. Juma huwajibu kwamba mwanaume yupo ila anapiga tromboni, wakitaka saksafoni wamsikilize dada. Wanasikiliza. Mlango unafunguliwa. Hakuna mara hata moja ambayo sijafuta kidevu kabla ya sauti ya kwanza, na nafikiri nitakifuta mpaka nazeeka. Hilo pia ni lako.

Sasa nirudi kwa Kabula, maana mimi nimeshajitoa shimoni kwako, yeye bado yumo.

Amenieleza kila kitu bila kujua ananieleza nini. Kwamba ukirudi jioni unavaa hedifoni, unamwambia, "Haya, nipe." Kwamba ukifumba macho anajua amepatia. Kwamba amekuomba ile ya shaba, ukamjibu akiwa tayari. Alinieleza kwa furaha, mikono imeshika mwiko, vidole vinacheza. Nilimtazama nikajiona kwenye ngazi ya jikoni. Nilikuwa najiambia kwamba kwangu ulikosea tu, mzazi anaweza kukosea. Aliyekosea akioneshwa huacha. Wewe ulioneshwa mbele ya watu wote, ukafunga mfuniko kwa uzi, ukampa mtoto wa pili kilekile, na bado unakuja msibani kuniambia ana utulivu. Ana utulivu kwa sababu umemkata waya! Mtoto anayeuliza maswali kumi kwa pumzi moja, utulivu ni wa nani?

Sikumwambia. Nilitaka kumwambia pale pale, nikashindwa, kwa sababu angenitazama kama nilivyokutazama mimi kwenye pikapu, na sikutaka awe na uso ule msibani kwa bibi yake. Lakini hatangoja mpaka asimame mbele ya mlango wa mtu ndipo ajue. Hilo halitatokea. Ukimya wangu umekwisha leo.

Kwa hiyo Juma, pamoja na barua hii, amebeba kifurushi kidogo cha kitambaa. Si chako, usikifungue. Ndani kuna kipande cha mdomoni cha saksafoni ya kweli, na ridi tatu, vile vibanzi vya mwanzi vinavyolia. Saksafoni nzima itakuja nikiipata, tumeanza kuitafuta. Kwa sasa kipande hicho kinatosha, mdomo unaanzia hapo. Ukikipuliza peke yake kinalia kama bata aliyeshikwa shingo, na hakilii polepole, kinalia au kinanyamaza. Hakina waya. Hakina betri, hakina tundu la hedifoni. Juma atakaa Chato wiki nzima, na kila jioni atakuja uani kwako amwonyeshe jinsi ya kubana midomo, kisha atamwambia ukweli kuhusu ile ya kijivu, kwa upole, mbele yako. Ukitaka kuwahi kumwambia mwenyewe kabla yake, una siku moja. Ningependa iwe wewe. Naandika hivyo kwa shida, lakini ningependa iwe wewe.

Ukikataa, shule zikifungwa nakuja kumchukua, na mama yake Kabula ameshakubali. Nilizungumza naye pale pale Ushirombo, tukiosha vyombo. Alisema amechoka kusikia vidole tu.

Atapiga vibaya, baba. Ataamsha mtaa, atavimba mashavu, majirani watauliza anachinjwa nani. Usimwambie akome, usimwambie vizuri, usivae chochote masikioni. Kaa usikie kama watu wengine wote. Ukiona huwezi kuvumilia, hama nyumba, uzoefu unao.

Ni mimi,
Dada yake Kabula